Ng'ombe Hashiki Shoka

  

Leo nina neno juu ya ng'ombe na msitu. Kiangazi kimekaza, nyasi zimekauka, na ajenda ya mifugo imerudi kwenye mikutano ya vijiji. Mtendaji anasoma taarifa: ng'ombe wameonekana tena ndani ya msitu wa kijiji. Mmoja anasimama, anataka faini ipandishwe. Wa pili anataka wenye mifugo waondoke kabisa, warudi walikotoka. Wa tatu, ambaye ana ng'ombe wake wanne nyuma ya nyumba, anatazama chini na kunyamaza. Mkutano unafungwa kwa azimio lilelile la mwaka jana, na usiku huohuo mifugo inaswagwa kwenda kulekule.

Mimi nadhani tunabishania jambo lisilo na mwisho. Tunabishana kama ng'ombe aingie msituni au asiingie. Afadhali tungeuliza msitu huo ni wa nani, na mwenye ng'ombe ana uhakika gani kwamba mwaka ujao atakuwa bado hapo. Asubuhi hii nitamtetea ng'ombe, ingawa si kila mahali, na nitawaambia ni wapi na kwa nini.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Misitu ya mkoa wetu wa Kigoma sehemu kubwa ni miombo: mitundu, miyombo, mininga, mikurungu, miti ambayo hupukutisha majani na kuacha mwanga ushuke mpaka chini. Penye mwanga huota nyasi, na penye nyasi hapakosi mlaji. Kabla ng'ombe hajafika, nyasi hizo zililiwa na nyati, pofu na palahala, na miombo haikufa.

Ng'ombe akiingia kwenye miombo wakati wa masika hula nyasi changa na kuiacha miti. Ikifika Agosti nyasi zimekomaa, zinajaza tumbo lakini hazitii nguvu mwilini. Hapo hugeukia maganda ya msegese, na mbegu zake huzitoa kwenye kinyesi, zikaota mahali pengine. Kisha Septemba na Oktoba miombo hufanya jambo ambalo wachungaji wote wanalijua: huchipua majani mapya, mekundu mekundu, kabla mvua haijanyesha, wakati kila kitu kingine kimekauka. Kwa mfugaji ambaye kiangazi kimemlemea, majani hayo ndiyo yanayoamua kama ng'ombe wake atavuka mwaka au atachunwa ngozi.

Je, kwa kula hivyo anaua msitu? Miti ya miombo haitegemei sana mbegu ili irudi. Hurudi kwa machipukizi ya visiki na ya mizizi. Kata mtundu, uache, na mvua zikinyesha utaona vijiti vingi vinatoka kwenye kisiki kimoja. Ng'ombe atang'ata viwili vitatu, na vilivyobaki vitapita kimo chake baada ya miaka michache. Mbuzi ni shauri lingine, kwa sababu mbuzi husimama kwa miguu miwili na kurudia palepale mpaka amalize.

Kinachoyamaliza machipukizi kabisa ni moto. Huko Ndola, nchini Zambia, kuanzia mwaka 1933 watafiti wa misitu walitenga vipande vya miombo. Vingine walivichoma kila mwaka mapema, kiangazi kinapoanza na nyasi zikiwa bado na ubichi. Vingine walivichoma mwishoni mwa kiangazi. Vingine hawakuviruhusu kuungua kabisa. Baada ya miaka mingi matokeo yalionekana kwa macho. Palipochomwa mwishoni mwa kiangazi miti iliisha, zikabaki nyasi. Palipochomwa mapema miti ilibaki. Pasipoungua pakazidi kushonana.

Sasa unganisha hayo mawili, msikilizaji. Nyasi zilizoliwa na ng'ombe Juni na Julai ni nyasi ambazo moto wa Septemba hautazikuta. Mfugaji anayelisha kwa kiasi anaupunguzia moto chakula. Anayewasha kiberiti Septemba ili apate majani mabichi anaua msitu, hata kama ana ng'ombe watatu tu. Tukisema ng'ombe wamemaliza msitu, mara nyingi tunamsingizia mnyama. Ng'ombe hashiki shoka wala kiberiti, na wenye mikono ni sisi.

Lakini sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwato zina madhara yake. Ng'ombe mia mbili wakipita njia moja kwenda mtoni kila siku, njia hiyo itakuwa mfereji, na mfereji utakuwa korongo. Wakikanyaga chemchemi, maji yanageuka tope na mwishowe yanazama. Udongo uliokandamizwa haunywi mvua. Yote haya yanatokana na idadi ya mifugo, mahali inapopita na muda inaokaa, na mambo hayo matatu mwanadamu anaweza kuyapanga.

Najua kuna mzee anayenisikiliza na kusema moyoni: lakini Kigoma haikuwa nchi ya ng'ombe. Mzee wangu, ni kweli kwa nusu. Nyanda za juu za Buha, Heru na Muhambwe, zilikuwa na ng'ombe tangu enzi za Abami, watawala wa jadi wa Waha. Ng'ombe ndiye aliyefunga mapatano ya watu kwa ubugabire: mtu anapokea ng'ombe kutoka kwa mkubwa, naye anamtumikia na kupata ulinzi wake. Mahali palipokosa mifugo mingi ni kule Uvinza na Utongwe, na sababu ilikuwa mbung'o.

Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika Mashariki ukaua ng'ombe na wanyama pori kwa pamoja. Palipokuwa malisho pakaota vichaka, vichaka vikampa mbung'o makazi, naye mbung'o akaleta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Kigoma, Kasulu na Kibondo waliokuwa wametawanyika porini, ikawakusanya kwenye makazi ya pamoja ili kupambana na malale. Walikotoka pakajifunga. Kwa hiyo sehemu ya misitu tunayoihesabu leo kuwa haijawahi kuguswa imeota juu ya mahame. Watu waliishi humo, wakalima humo, kisha wakatolewa kwa amri.

Wakati huohuo Shinyanga ilikuwa inafanya kinyume chake. Huko ndiko kulikokuwa na makao ya utafiti wa mbung'o, chini ya Mwingereza C. F. M. Swynnerton, na dawa iliyohimizwa ilikuwa kufyeka vichaka ili mdudu akose kivuli. Watu wakafyeka. Pamba nayo ikadai mashamba. Mifugo ikaongezeka kwa sababu mbung'o kaondoka. Ilipofika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ule ilikuwa tambarare tupu, akina mama wakitembea mbali kutafuta kuni na wengine wakipikia kinyesi cha ng'ombe.

Mwaka 1986 ukaanza mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni wataalamu walitilia mkazo miche ya kupanda. Mambo yalibadilika walipogeukia desturi ya Wasukuma wenyewe, ngitili. Hilo ni eneo lenye nyasi na miti linalofungwa mvua zinapoanza, halafu linafunguliwa kiangazi kinapokaza na majani ya kwingineko yakiwa yamekwisha. Ngitili ya familia inalindwa na familia. Ya kijiji inalindwa kwa maamuzi ya dagashida, yaani mkutano wa jadi, na kwa macho ya sungusungu, na anayeingiza mifugo kabla ya wakati anatozwa.

Ngitili zilizokuwa zimeandikwa mwaka 1986 zilifika hekta 600 hivi. Mpango ulipofikia mwisho mwaka 2004, zilikuwa zimevuka hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Miti ya asili ilirudi yenyewe, kutoka kwenye visiki na mizizi. Ndege wakarudi, kuni zikasogea karibu na nyumba, dawa za mitishamba zikapatikana, na ng'ombe walikuwa humohumo muda wote. Jambo hili ningependa mlishike: Shinyanga msitu ulirudi kwa sababu watu walitaka malisho. Bila ng'ombe hakuna ambaye angekubali kufunga ardhi yake miezi yote ile.

Sasa tumfuate mfugaji huyo anaposafiri. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 familia zenye mifugo zilishuka kutoka Shinyanga na Mwanza kwenda Tabora, Mpanda, Rukwa, na kwetu Uvinza: kandokando ya reli kuanzia Nguruka, na kwenye mabonde ya mto Malagarasi, ardhi oevu iliyoandikishwa mwaka 2000 kuwa ya kwanza ya Tanzania katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Na huku tunamkuta akiwa kama mtu mwingine kabisa. Anauchuna mti gome kuuzunguka, mti unafia wima, mwanga unashuka, anapanda mahindi katikati ya magogo. Baada ya misimu michache anasogea mbele na kuchuna mingine.

Kwa nini mtu ambaye baba yake alilinda ngitili kwa fimbo anachuna mininga huku Uvinza? Wapo wenye jibu la haraka, wanataja kabila. Jibu hilo linaanguka lenyewe, maana kabila ni lilelile kule na huku. Kilichobadilika ni haki yake juu ya ardhi. Kule ngitili ni yake na ya wanawe. Huku anaishi kwa ruhusa ya mdomo ya kiongozi ambaye pengine hayupo tena madarakani, kwa risiti ya faini ya mwaka juzi, na kwa matumaini kwamba operesheni ya kuwaondoa wafugaji itapita upande mwingine. Mtu aliyepanga chumba cha wiki moja hapaki chokaa ukutani. Atatumia anachoweza kutumia kabla hajagongewa mlango.

Nasi tumezoea kugonga mlango. Mwaka 1979, kule Kondoa, mpango wa kuhifadhi ardhi wa HADO uliondoa mifugo yote, yapata 90,000, kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256 lililokuwa limeliwa na makorongo. Nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, na kuanzia mwaka 1989 ng'ombe wa maziwa wakaruhusiwa kurejea kwa sharti la kufungwa bandani na kukatiwa majani. Ukitazama ndani ya mpaka wa mpango ule, utausifu, na mimi nausifu. Lakini ng'ombe waliotolewa walikwenda kwa majirani, na ardhi ya majirani ikabeba mzigo. Mwaka 2006 na 2007 wakatolewa wengine Usangu, wakasambaa mpaka Lindi na Pwani. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Ukiwafukuza mahali pamoja watatokea pengine, na wakifika huko watakuwa wageni wasio na haki, na mgeni asiye na haki ndiye huyo anayechuna miti.

Tena ugomvi huu umekwisha kula watu. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa kwenye mapigano ya wakulima na wafugaji. Oktoba 2018, humu mkoani kwetu, kijijini Mpeta katika tarafa ya Nguruka, kazi ya kuwaondoa wafugaji kwenye ardhi ya ranchi ya taifa iliishia kwa vifo vya askari polisi wawili na vya raia, na hesabu ya waliokufa yenyewe ikageuka kuwa shauri la mahakamani. Anayesema suala la malisho ni dogo azungumze kwanza na waliofiwa.

Nilisema sitamtetea ng'ombe kila mahali. Basi tutoke Uvinza, turudi nyumbani. Kuanzia hapa Mwandiga kupanda Kiganza, Bitale mpaka Kalinzi, na ukivuka mgongo wa milima kushuka Mtanga na Mwamgongo, nchi ni nyembamba na imesimama wima. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Migongo ya milima ya Gombe inapita mita 1,500, na umbali wa kutoka juu mpaka majini ni wa mwendo wa saa chache kwa miguu. Mvua ikikuta mteremko mtupu, udongo haukawii kufika ziwani. Huko unafunika mawe ya ukingoni ambako samaki hula na kuzaliana, na mvuvi anapata hasara ya shamba ambalo halikuwa lake.

Hifadhi ya Gombe ni ndogo, kilomita za mraba 35 hivi za nchi kavu. Dkt. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika pale Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Miaka ya mwanzo ya 1990 aliruka kwa ndege ndogo juu ya milima yetu na kuona hifadhi imebaki kijani peke yake, huku vilima vya vijiji vyote vinavyoizunguka vikiwa vitupu. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mpango wa TACARE pamoja na vijiji vyetu. Walianza na vitalu vya miche, lakini kazi iliyoleta miti mingi ilikuwa nyepesi kuliko kupanda: kuacha visiki vikue. Vijiji vilichora mipango ya matumizi ya ardhi, vikatenga misitu yao ya hifadhi, vikachagua walinzi. Nenda Kigalye ukatazame. Mlima ambao mtu wa miaka arobaini anaukumbuka ukiwa nyasi na mawe, leo umefunikwa, na hakuna aliyepanda miti ile mmoja mmoja.

Katika msitu wa namna hiyo, unaorudi, kwenye mteremko kama ule, juu ya chemchemi zinazonywesha vijiji, ng'ombe wa kuswagwa hana nafasi. Hapo nakubaliana na wenye kupiga marufuku. Machipukizi bado yako chini ya pua yake, na kwato kwenye mteremko zinafungua udongo. Sehemu kama hizo zifungwe mpaka miti ipite kimo cha ng'ombe, na kwenye vyanzo vya maji zifungwe siku zote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au wa ziwa, wala hilo si la kujadiliana.

Lakini ukimwambia mtu wa Kiganza asichunge, mwambie pia afanye nini. Huku kwetu ng'ombe wawili watatu wa bandani wanalipa kuliko ishirini wa kuzurura. Mabingobingo yakipandwa kwenye makinga maji ya shamba, yanashika udongo na yanakatwa kuwa chakula. Tuna mashudu ya mise, yaani kokwa za mchikichi, yanayobaki baada ya kukamua mafuta, na mengi yanapakiwa magarini kwenda kulisha mifugo ya watu wengine. Samadi inarudi kwenye migomba na kwenye kahawa ya Kalinzi. Hesabu hiyo kila mama mwenye ng'ombe wa maziwa anaijua. Anachokosa ni mtaji wa banda, mtamba wa kuanzia, na afisa mifugo anayefika anapoitwa.

Na kuna msitu mwingine huku ambao hatuuiti msitu: michikichi. Tangu serikali ilipouingiza mchikichi katika mazao ya kimkakati mwaka 2018, miche imegawiwa kwa wingi, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu bora. Mchikichi mchanga ng'ombe anaumaliza kwa asubuhi moja, na ugomvi wa namna hiyo tumeushuhudia vijijini. Mchikichi uliokwisha kuinua makuti juu hauna hofu naye. Malaysia wako wenye mashamba wanaolisha ng'ombe chini ya michikichi iliyokomaa, kwa zamu, ili wapunguze gharama ya palizi na wapate samadi. Sisi tumepata michikichi kabla ya wengi wao, lakini mkulima wetu bado anafyeka kwa panga zile nyasi ambazo jirani yake anazitafuta kwa ng'ombe wake usiku.

Nimetaja nchi mbili ndani ya mkoa mmoja. Kaskazini ni nyembamba, ina mteremko na watu wengi: huku ng'ombe afungwe, msitu upumzike. Kusini, Uvinza mpaka Masito, bado kuna miombo mipana, na ng'ombe wamekwisha kufika, wapo kwa maelfu. Huko kukataza kila kitu kwa karatasi huku kila kitu kikifanyika usiku ndiyo njia ya hakika ya kuukosa msitu na kuikosa mifugo pia.

Sheria haitufungi mikono, ndugu zangu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa serikali ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, wenye mpango wake na sheria zake ndogo. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo, inayotambua kwamba malisho ni matumizi ya ardhi, wala hayapaswi kuwa mabaki ya kile ambacho mkulima hakukitaka.

Wapo waliokwisha kuzitumia. Wilayani Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao yakawa eneo moja, vikaliita OLENGAPA, na wafugaji wakapata hati ya haki ya kimila kwa pamoja. Wilaya hiyohiyo ina msitu wa SULEDO, wa hekta zaidi ya 160,000, ambao vijiji vyenyewe vimeugawa kanda: kwingine mbao, kwingine asali, kwingine malisho ya kiangazi, na kwingine hakuguswi. Wanaoulinda ni pamoja na Wamaasai wenye ng'ombe wengi.

Basi mipango ya vijiji vyetu vyenye miombo iandike mambo manne. La kwanza ni mahali, na mahali maana yake ramani iliyobandikwa ofisini: hapa malisho, hapa panaota, hapa ni chemchemi, hapa ni mizinga ya nyuki na uyoga wa akina mama. La pili ni wakati. Mimi ningependekeza msitu ufunguliwe Juni, nyasi zikiwa zimekwisha kuangusha mbegu, na ufungwe mvua za kwanza zinapodondoka. Hivyo nyasi zinaliwa kabla ya kuwa chakula cha moto, na ardhi inapumzika inapootesha.

La tatu ni idadi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye mifugo aandikwe, na ng'ombe wake waandikwe, na kijiji kiamue wangapi wanatosha. La nne ni haki na wajibu. Aliyeandikwa alipe ada, ada iingie akaunti ya kijiji, na apewe karatasi inayosema eneo lake na miaka yake. Akae kwenye kamati ya maliasili pamoja na mrina asali na mkulima. Na moto ukiwaka katika eneo lake, yeye na vijana wake ndio wa kwanza kutoka na matawi. Tukifanya hivyo tunapata mlinzi anayeshinda msituni kutwa nzima, tena bila mshahara.

Kuna pingamizi kubwa moja, na ni la haki. Utasikia: tukifungulia mia, watakuja elfu kumi. Ninawajibu hivi. Mlango uko wazi tayari, ila uko wazi usiku. Leo mgeni akifika na ng'ombe mia tano, mfugaji aliyetangulia anamficha, kwa sababu wote wawili ni wahalifu mbele ya kijiji na wanahitajiana. Mpe aliyetangulia karatasi yenye mpaka na miaka, uone kama atamkaribisha mtu wa kuja kumalizia nyasi alizozilipia. Kule Shinyanga ngitili haikulindwa na polisi. Ililindwa na watu ambao walijua Septemba wataihitaji.

Pingamizi la pili ni kwamba kupima ardhi ni gharama. Ni kweli, na vijiji vingi vimekwama hapo. Lakini piga hesabu ya operesheni moja: magari, mafuta, posho za askari, mifugo iliyokufa zizini ikisubiri hukumu, na kesi zinazofuata. Kijiji kingepimwa kwa sehemu tu ya fedha hizo, na kikishapimwa hakipimwi tena kila mwaka.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana sauti ndani yake. Ajenda ya mifugo ikisomwa safari ijayo, usikubali ianzie kwenye kiwango cha faini. Omba kwanza kuoneshwa ramani ya matumizi ya ardhi, kisha daftari la mifugo, kisha jina la anayewajibika moto ukiwaka. Kama ramani haijachorwa au daftari halijafunguliwa, basi hilo liwe azimio la kwanza la siku hiyo, liandikwe kwenye muhtasari pamoja na tarehe ya kuanza kazi na jina la atakayeulizwa tarehe hiyo ikipita.